Kubwa ya Omega, Nyepesi ya Rosemery

Siku hizi Sayi akienda Ifakara hapiti mtaa wenye duka la Aneth. Huzunguka kwa nyuma, kwenye mashine za kukoboa mpunga, akatokea upande wa pili ana pumba mpaka kwenye kope, ilimradi tu asionane na yule binti. Aneth hajamkosea kitu. Hamsemi vibaya kwa watu, na akimwona angemwamkia kwa adabu ile ile aliyomwamkia siku ya kwanza. Shida ni haya. Sayi anaona haya kukutana na mtu aliyemwuliza swali jepesi mbele ya kaunta, naye akalijibu kwa kifua mbele, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, na jibu lenyewe halikuwa la kweli hata kidogo.

Tumjue kwanza mwenyewe. Sayi ni Msukuma aliyeingia bonde la Kilombero akiwa kijana, akiswaga ng'ombe wa baba yake kutoka kaskazini. Akakuta majani na maji, akatulia. Akamwoa Sikitu, Mndamba wa pale pale, na ndugu wa pande zote mbili wakasema ndoa hiyo haifiki masika. Imefika masika mengi na bado ipo. Ng'ombe wamepungua, mashamba yameongezeka, na sasa Sayi analima mpunga kwa maksai katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Mchombe, ukielekea Mngeta. Barabara nzima ile hakuna anayefundisha maksai kama yeye. Humtazama ndama akihangaika kusimama, akakwambia huyu atakuwa mvivu wa kona, yule atapenda kuvuta upande wa kushoto, na baadaye ikawa hivyo hivyo.

Ukimwuliza habari za ng'ombe, ujue hutaondoka mapema. Ukimwuliza habari za watoto, jibu lake ni neno moja: "Wanasoma." Na hapo ndipo penye kasoro yake, kasoro ambayo mimi kwa muda mrefu niliiona kuwa ni ukali tu wa wazee. Sayi hakusoma. Mtoto akianza kumweleza mambo ya shule, humkatiza upesi, "Sawa, sawa mwanangu, Mungu akutangulie," asije akaulizwa neno likamshinda mbele ya mtoto wake mwenyewe. Watu walidhani hajali. Anajali mpaka basi. Kila muhula ulipoanza alitoa ng'ombe zizini bila kunung'unika, akampa Sikitu kila kilichopatikana, na Sikitu ndiye aliyejua kinakwenda chuo gani na kwa kazi gani. Yeye aliona aibu kuuliza, na kwa vile hakuuliza hakujua, na kwa vile hakujua aliona aibu zaidi.

Watoto wenyewe ni wawili. Rosemery ni mkubwa, Omega ndiye kitinda mimba. Rosemery alipokuwa kidato cha pili alitamka siku moja kwamba angependa kuwa nesi. Sayi alilisikia hilo, likamkaa moyoni, na kwake mambo yakaishia hapo. Miaka ikaenda, mtoto akapenda mengine, akachaguliwa kwenda Morogoro kusomea upimaji wa ardhi. Alimfuata baba yake zizini kumwambia. Sayi alikuwa amemlaza maksai mmoja, anamtoa mwiba kwenye kwato.

"Baba, nimepata chuo. Nakwenda kusomea upimaji."

"Sawa, mwanangu, Mungu akutangulie. Nishikie huo mguu asije akanipiga teke."

Rosemery akaushika mguu. Mwiba ukatoka. Mazungumzo ya chuo yakawa ndiyo hayo, na Sayi akaendelea kuwaambia watu kwamba binti yake anasomea unesi. Jirani yake Nazari, Mpogoro mwenye mdomo usiolala, akamtungia jina la Baba Nesi, na jina likashika kijiji kizima. Sayi alilipenda jina lile kuliko shati lake la Krismasi, na Sikitu, aliyejua ukweli, hakupata moyo wa kumvua. Omega naye, kwa kuwa alikuwa akitengeneza baiskeli za watu na redio zilizokufa, baba yake alishamaliza: huyo ni injinia. Omega alipokwenda chuo Dodoma, hakuna aliyemwuliza baba anadhani mtoto anakwenda kufanya nini huko.

Mwaka juzi mpunga uliwakubali. Baada ya mavuno, Sayi akasema sasa watoto wangu watakwenda chuo kama watoto wa watu, kila mmoja na laptop yake. Akavaa koti, akapanda basi la asubuhi, akashuka Ifakara, akaulizia duka mpaka akaelekezwa kwa Aneth.

Ni lazima niseme ukweli: pale dukani Sayi alinunua kwa akili sana. Aneth alimpa kiti, akamwamkia, kisha akamwuliza, "Baba, mtumiaji ni nani, na ataitumia kwa kazi gani?"

"Kwani si zote ni laptop?"

"Zote ni laptop, lakini hazifanani. Kuna mtu anaandika tu na kusoma, huyo hata ya bei ya chini inamtosha. Kuna mtu wa kuchora ramani na majengo, huyo ukimpa ya chini utamtesa, itaganda kila saa. Kuna mwalimu wa kule Masagati anategemea sola, huyo namtafutia betri inayokaa. Ndiyo maana nauliza."

Sayi akaelewa palepale, tena akafurahi mno kuelewa. "Unataka kusema ng'ombe wa maziwa humfungi jembe."

Aneth akacheka. "Ndiyo hivyo hivyo, baba."

Tangu hapo wakaelewana. Aneth akamtolea mbili. Moja ilikuwa kubwa, nzito, imetumika kidogo huko ng'ambo lakini imara. RAM yake ya kutosha, akaeleza kwamba RAM ni ile nafasi ambayo mashine inafanyia kazi, ikiwa finyu kazi zinabanana. Diski yake ya kasi, na ndani ina kifaa cha kusaidia kuchora picha nzito. Nyingine ilikuwa mpya kabisa, nyepesi, inaingia kwenye mkoba wa kike, betri yake inakaa kutwa. Lakini RAM yake ilikuwa ndogo na nafasi ya kutunzia vitu ndogo pia.

"Na hii nyepesi haiongezeki," Aneth akasema. "RAM yake wameigandisha humo humo kiwandani. Ilivyo ndivyo itakavyokuwa mpaka inakufa. Kwa kuandika na kusoma haina neno. Kwa kazi nzito, hapana. Nakwambia mapema usije ukanilaumu."

Sayi akainyanyua moja, akainyanyua nyingine. Akabonyeza vitufe vyote kimoja kimoja kama anayekagua meno ya ng'ombe. Akataka ile kubwa iwashwe, izimwe, iwashwe tena. Watu wawili watatu waliokuja kununua chaja wakasogea kumtazama mzee mwenye maswali.

"Watoto wako wanasomea nini?" Aneth akauliza.

"Wa kiume injinia. Hiyo kubwa yake. Wa kike nesi. Nesi anaandika majina ya wagonjwa na dawa, hiyo nyepesi inamtosha, hata akienda nayo wodini haimchoshi."

"Una namba zao? Tungewapigia, wakasema wenyewe programu wanazotumia."

Sayi akanyooka kwenye kiti. Watu walikuwa wanasikiliza. Akasema kwa sauti, "Binti, mimi maksai wangu nawajua kwa hatua zao gizani. Watoto wangu nitashindwa kuwajua?"

Watu wakacheka, Aneth naye akacheka, mashine zikafungwa. Maneno hayo ndiyo yanayomzungusha Sayi nyuma ya mashine za mpunga mpaka leo.

Angewapa watoto kimya kimya pengine mambo yangetengemaa. Lakini Sayi ana desturi ya kwao: baba akimtengea mtoto ng'ombe, anamtengea mbele ya watu, ili kesho asitokee wa kubisha. Aliona laptop nayo ni hivyo hivyo. Akaita majirani, jogoo wakachinjwa, wali ukapikwa, na Nazari akapewa nafasi ya kusema kwa kuwa hata asingepewa angesema. Omega akaitwa kwanza, akapokea ile kubwa. Kisha Rosemery akaitwa.

Rosemery akapiga magoti, akapokea kwa mikono miwili. Aliitazama mashine ile kidogo, na yeye alijua hapo hapo, maana alikuwa amekwisha kukaa chuo mwaka mzima akiazima mashine za wenzake. Alijua kwamba programu ya kuchorea ramani haitafunguka humo. Lakini mtoto gani atapiga magoti mbele ya majirani wote, baba yake amesimama na koti, amejaa furaha mpaka machozi yanamlenga, halafu aseme baba hii siyo? Akasema, "Asante sana, baba." Wanawake wakapiga vigelegele.

Sikitu alijaribu. Wageni walipoondoka alimwambia mumewe, "Baba Rose, mimi naona ile kubwa ungempa Rose."

"Mnateteana tu nyie wanawake," Sayi akajibu, akaenda kuangalia zizi.

Nyuma ya nyumba Omega alimfuata dada yake akamwambia wabadilishane. Rosemery akakataa. Alisema baba akija kuwatembelea akaikuta kubwa kwake, itabidi aelezwe, na akielezwa ataumia. Kwa hiyo kila mmoja akaondoka na yake. Omega akawa anaandikia insha na kuangalia mpira kwenye mashine ambayo ingeweza kuchora bonde lote la Kilombero. Rosemery akawa anawasubiri wenzake wamalize kazi zao, ndipo aazime.

Basi mwaka huu, mwezi wa tano, mpunga umeanza kutoa masuke, Rosemery akapiga simu. "Baba, wiki ijayo nakuja hapo kijijini. Nakuja kikazi, na wenzangu na mwalimu wetu."

"Kikazi?"

"Ndiyo, baba. Mafunzo ya vitendo. Tutakaa siku chache."

Mtu mwingine angeuliza kazi gani. Sayi akasema sawa, mwanangu, Mungu akutangulie, akakata simu, akatoka mbio kwa Nazari. Nesi anakuja! Anakuja na wenzake na daktari wao! Sikitu hakuwepo wa kumzuia, alikuwa amehamia kibandani bondeni kuamia ndege wasimalize mpunga. Kwa hiyo habari zikatembea bila breki. Siku yenyewe ilipofika, uwani kwa Sayi walikuwa wamekaa watu kwenye mikeka na viti vya kuazima. Kulikuwa na mtoto mwenye homa, na kijana mwenye kidonda cha jembe. Mama yake Nazari alikuwa na goti lililovimba na alikuwa amebebwa kwa baiskeli. Wengine hawakuumwa chochote, walikuja wapimwe presha tu kwa kuwa ni bure. Sayi alikuwa anazunguka kati yao na lile koti, anawapanga, wagonjwa zaidi mbele.

Gari likafika. Akashuka mwalimu wao, bwana mmoja anaitwa Beatus. Wakashuka vijana. Akashuka Rosemery, amevaa buti za mpira, kizibao cha kung'aa, na begani amebeba nguzo ya miguu mitatu ambayo wapima ardhi wanasimikia kifaa chao.

Watu wakanyoosha shingo.

Mama yake Nazari, ambaye macho yake hayaoni mbali, akauliza kwa sauti, "Mbona nesi amebeba ngazi?"

Hapo uwanja ukapasuka kwa kicheko. Nazari alicheka mpaka akajishika mbavu. Sayi alisimama katikati, anatafuta pa kutazama. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na kwa bahati mbaya ardhi yenyewe ndiyo iliyokuja kupimwa.

Rosemery aliyaelewa yote kwa kutupa jicho mara moja. Aliiweka nguzo chini, akaja akapiga magoti mbele ya baba yake na buti zake hizo hizo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," Sayi akasema.

Kisha binti akaenda kwa wale waliokaa mikekani. Hakuwacheka. Alimshika yule mtoto shingoni, akamwambia mama yake, huyu ana homa kali, mpeleke zahanati sasa hivi usingoje. Alimwambia yule kijana afunike kidonda kwa kitambaa safi aende naye. Alimwamkia mama yake Nazari, akalitazama goti, akasema, "Bibi, mimi sijui magoti. Mimi napima mashamba." Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wanakung'uta mikeka. Waliokuwa wakipita karibu na Sayi walimwita Baba Nesi, na wengine hata hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wamezoea tu.

Kazi yao ilikuwa kupima mpaka kati ya mashamba ya mpunga na malisho, na njia ya ng'ombe kwenda majini. Wazee waliombwa wafuatane na wanafunzi kuonyesha alama. Sayi ndiye aliyeijua njia ile kuliko wote, asingeweza kukaa nyumbani ajifiche, ingawa alitamani sana. Akafuata nyuma. Akamwona mtoto wake akifanya kazi.

Hapo tena akapata haya nyingine, tofauti na ile ya uwani. Rosemery alikuwa hodari. Alisimika kile kifaa kwenye tope kikasimama bila kuyumba, akachungulia, akaita tarakimu kwa mwenzake, akasogea mbele. Wenzake walikuwa wanamwuliza yeye kabla ya kumwuliza mwalimu. Alikuwa na namna ya kukaza jicho na kunyamaza kwanza ndipo aseme, na Sayi akaitambua namna hiyo, ni ya kwake mwenyewe anapomtazama ndama. Mtoto alikuwa amemrithi yeye na yeye hakujua.

Baada ya kula wakakaa kwenye ofisi ya kijiji kuchora. Hapo wazee walikaribishwa kuona. Kila mwanafunzi alikuwa na sehemu yake, na kila mmoja alitakiwa kuichora mwenyewe kwenye mashine yake na kuikabidhi kabla gari halijarudi Morogoro. Wenzake wakafungua, mistari ikaanza kuonekana kwenye vioo. Rosemery akafungua ile nyepesi. Kioo kikaganda. Akaizima, akaiwasha. Kikaganda tena. Akaifunga taratibu, akatoa karatasi na rula, akaanza kuchora kwa mkono huku akisubiri mwenzake amalize.

Mwalimu Beatus akasimama mezani kwake. Alikuwa mtu mwema aliyechoka. "Rosemery, mwaka wote huu tunaongea jambo hilo hilo. Huyu, wazee wangu, ndiye mwanafunzi wangu mwenye jicho zuri kuliko wote. Lakini safari hii karatasi sipokei, na kazi ya kwenye mashine ya mwenzako sipokei, ndivyo utaratibu unavyotaka. Asipokabidhi atarudia mwaka." Akaigusa ile laptop kwa kidole. "Sasa niambie, nani alikuchagulia mashine ya kuandikia barua wakati wewe ni mtu wa ramani?"

Sayi alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, karibu na Nazari.

Rosemery hakugeuka hata kidogo upande wa benchi. Akasema, "Nilichagua mwenyewe, mwalimu. Niliipenda kwa kuwa ni nyepesi."

Wanafunzi wenzake wakaguna. Mmoja akasema kichini chini, wasichana bwana. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kusikitika, akaenda meza nyingine.

Na Sayi akanyamaza. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa yeye mwenyewe analisema waziwazi, tena hulisema kwa kujilaani. Kicheko cha uwani alikivumilia, kilikuwa cha watu na watu wamezoeana. Lakini pale alimwona mtoto wake anabeba kosa lake mbele ya mwalimu wake na kijiji chake, anaitwa mjinga aliyependa kitu chepesi, na yeye baba amekaa na mdomo ameufunga kwa kuwa Nazari yuko pembeni. Alitazama viatu vyake. Alijiambia atasema baadaye, nje, faragha na mwalimu. Nazari, ambaye alikuwepo siku ya jogoo na wali, ambaye alipiga makofi laptop zikitolewa, alimgeukia akamtazama usoni. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane Nazari hakuwa na la kusema. Hilo ndilo lililomwuma Sayi kuliko mengine yote.

Akasimama.

"Mwalimu," akasema. "Mwalimu, samahani. Huyo mtoto amekudanganya."

Ofisi nzima ikageuka.

"Hiyo mashine nilinunua mimi. Nimeichagua mimi. Dukani waliniuliza anasomea nini nikasema unesi. Wakaniambia tumpigie simu, nikakataa. Nikasema watoto wangu nawajua." Akamwelekezea Rosemery kidole. "Yeye aliniambia, nadhani aliniambia. Mimi sikumsikia. Leo asubuhi nimemkusanyia wagonjwa uwani, hawa wote ni mashahidi. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kurudia mwaka, siyo yeye."

Hakuna aliyecheka. Pengine wangecheka angejisikia nafuu. Mwalimu Beatus akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akasema, "Mzee, sina uwezo wa kukurudisha wewe darasani. Ila gari letu litakuwa hapa mpaka keshokutwa. Akipata mashine kabla ya hapo, nitapokea."

Sayi akatoka nje. Rosemery akamfuata. Wakasimama kwenye kivuli cha ukuta, mzee hamtazami mtoto, mtoto anasafisha tope kwenye buti kwa kijiti.

"Kwa nini hukuniambia siku ile nakupa?"

Rosemery akafikiri kwanza, kwa ile namna ya kwao. "Ulikuwa na furaha, baba. Sijawahi kukuona unanipa kitu na furaha kiasi kile. Nikaona kama nikisema, sitakuona hivyo tena."

Sayi aliweka kiganja usoni, akakaa nacho hapo. Miaka yote alidhani kunyamaza kwake kunamficha yeye asionekane hajui. Kumbe mtoto amekua akimsoma vizuri tu, anajua kila kitu, na akachagua kumsitiri.

"Na ile kubwa," akasema mwishowe, "Omega anaitumia?"

"Anaandikia insha, baba. Na mpira."

"Injinia gani anaandika insha?"

Rosemery akamtazama. Kisha kitu kikamshinda, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye sanduku la vifaa, machozi yanamtoka. Sayi alisubiri. Alijua kicheko kile kina haki yake.

"Basi niambie. Anasomea nini?"

"Muulize mwenyewe, baba. Mimi nimechoka kukusemea." Hakusema kwa ubaya. Akamtolea simu yake, namba ya Omega imekwisha kubonyezwa. "Mwambie aipakie kwenye basi la asubuhi. Na hilo lingine muulize."

Sayi akaishika simu kwa mikono miwili. Ikaita. Alikuwa amempigia Omega simu mara nyingi, mara zote ni maneno mawili matatu: umefika, umekula, umepokea. Sasa hakujua aanzie wapi, na alijisikia mwoga kuliko siku aliyokwenda kuposa kwa kina Sikitu.

"Shikamoo, baba," Omega akasema.

"Marahaba. Omega, mwanangu." Akakohoa. "Kuna jambo nataka unisaidie. Lakini kwanza nieleze, eleza polepole, mimi nasikiliza. Hivi wewe huko chuoni unasomea nini? Na unakipenda?"

Upande wa pili ukasikika mlango unafungwa, kama mtu amehama chumba ili asikie vizuri. Kisha Omega akauliza, na sauti yake ilikuwa imejaa hofu:

"Baba, unaumwa?"